Mali ikishauzwa hairudishwi, ndo nilivolelewa

Mhariri salaam. Wiki hii mmeuliza, mtu kasaini mkataba wa simu, wiki haijaisha kajuta, je aruhusiwe kuuvunja au akomae nao mpaka uishe? Nimelisoma kwenye basi natoka shifti ya usiku, nikapitiliza kituo changu kwa mawazo. Naomba nijibu ingawa sitajibu kama mlivouliza, maana kwangu mi kuruhusiwa ni jambo moja, na kuweza kuingia mlango ule ukamwambia mtu usoni "nimebadili mawazo" ni jambo lingine kabisa.

Msimamo wangu nauweka hapa mwanzoni, ukisaini umesaini. Baba alikuwa na duka la rejareja Ngamiani kule Tanga, juu ya droo ya hela kabandika karatasi kaandika kwa mkono wake MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Mtu akirudi na kandambili kesho yake ati zinambana, baba anamwonesha ile karatasi kwa kidole, haongei. Nimekua najua anaerudisha kitu ni mtu asiejua anachotaka. Na kwenye simu kwetu hata swali lenyewe halipo, unaweka dole siku ya kusajili laini basi, baada ya hapo ni vocha na bando, neti ikizingua unachomoa laini unaweka nyingine. Hakuna mtu atakaekudai kwa miezi 24.

Mi niko Leicester, Uingereza, nafanya kazi ya kutunza wazee. Oktoba 2022 simu yangu ilipasuka kioo, na mama kule Tanga alikuwa anaumwa anataka kuniona sura kila siku, nikaingia duka moja la simu mjini kuulizia bei tu. Huku nasubiri nikawa naongea na dada yangu kwa simu ya mwanangu, Kiswahili sauti ya juu kama mjuavyo sisi, yule kijana wa dukani akageuka akasema "Shikamoo mamangu." Kijana wa Mombasa! Jamani, mtu ambae hajawahi kuishi mbali hawezi kuelewa lile neno linakufanya nini. Akanivutia kiti. Akaniuliza mama anaumwa nini. Akaniambia "hii yakufaa wewe, utamuona mama mpaka nywele," nikacheka, nikasaini kwa kidole kwenye kioo chake, pauni 34 kwa mwezi, miezi 24. Piga mwenyewe hesabu, ni pauni 816, mi sikuipiga siku ile.

Nakaa nyumba ya chini, nusu iko ardhini. Jioni ile nampigia mama, inakata. Nasogea dirishani, inakata. Ikabidi nitoke nje nikae kwenye ngazi na blanketi, baridi ya Oktoba, mama anauliza mbona uko gizani, nikamwambia napunga upepo. Siku ya pili nikajua nimekosea, yaani siku ya pili tu. Nilikuwa nimeshasikia kwa watu kwamba Uingereza una siku 14 za kurudisha kitu, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi, nikasema nitaenda Jumatatu. Jumatatu nikasema Alhamisi.

Siku ya 13 ndo nikaenda. Nimeifunga simu kwenye boksi lake na chaja na ile pini ya kutolea laini, zote nimezipanga kama zilivokuja, nimezungushia kanga zisigongane ndani ya mkoba. Nikafika nikasimama ng'ambo ya barabara. Namuona kwenye kioo, yuko peke yake, anafuta meza. Nikazunguka mtaa mzima nikarudi. Kila nikitafuta maneno nasikia yanatoka kama namwambia kijana wa watu umeniibia, na yeye hakuniibia, aliniamkia. Nikazunguka tena. Mara ya tatu akaniona akanipungia mkono, akatoka mpaka mlangoni, "mamangu, mama anaendeleaje?" Ningesema nini mimi? Nikasema hajambo, anakushukuru. Nikaingia, nikakaa kwenye kiti kile kile na mkoba mapajani, boksi nalisikia kabisa kwenye magoti, akaniuliza nikusaidie nini leo, nikajibu nataka kava. Nikanunua kava la pauni 15 nikarudi nyumbani. Nililia kwenye basi, nasema kweli.

Siku zikapita. Kazini nikamweleza mwenzangu mmoja Mkongo wa Goma, akanishangaa, "Dada, ile siku kumi na ine haiko ya duka, iko ya intaneti." Nikabisha, mwanangu akanitafutia, ni kweli. Sheria yao ya 2013, ilioanza kazi Juni 2014, inampa siku 14 alienunua kwa intaneti, kwa simu au aliefuatwa mlangoni kwake. Dukani hapana, ni huruma ya duka lenyewe likitaka. Usiku ule ule nikatuma meseji ya neno PAC kwenda 65075, huku ndo njia ya kuhama mtandao na namba yako tangu Julai 2019, ndani ya dakika moja jibu likaja na deni la kutoka mapema, pauni 640 na ushee. Nikazima taa.

Nilirudi dukani wiki ya tatu, safari hii nikamwambia kuhusu neti, si kuhusu kurudisha, neti tu. Akashika kichwa. "Mamangu, ungeniambia ile siku ya kava ningeibadili, kama haishiki kwako duka larudisha." Mlango ulikuwepo kumbe. Wa duka, si wa sheria, na nilikaa mbele yake nikanunua kava.

Nikaulipa wote. Aprili 2023 bei ikapanda asilimia 14.4, maana mikataba mingi ya wakati ule ilifungwa kwenye mfumuko wa bei na juu yake wanaongeza asilimia 3.9, pauni 34 ikawa karibu 39. Hilo la kufunga bei kwenye mfumuko wameshalipiga marufuku kwa mikataba mipya toka 17 Januari 2025, sasa lazima ongezeko liandikwe kwa pauni na senti kabla hujasaini, na nawashukuru.

Sasa mwaka jana mwanangu kaagiza simu na mkataba kwa intaneti, siku ya tatu haipendi, kapiga simu, karudisha kwa posta, kalipa zile siku alizotumia, kwisha. Nikamgombeza hasa, nikamwambia umemuaibisha nani? Akanijibu kwa upole tu, "Mama, hakuna mtu pale, ni boksi nimepeleka posta."

Hilo jibu ndo limenifanya niandike, na hapa naona msimamo wangu wa mwanzo unaniponyoka. Sheria imempa siku 14 yule ambae hana wa kumwonea haya, na mimi niliekaa mbele ya mtu aliyeniita mamangu sikupewa hata moja, ati kwa sababu dukani nilikiona kitu kwa macho yangu. Simu niliiona, ndio. Neti ya chumbani kwangu ningeionaje pale mjini? Na mbele ya mtu ndo ulimi unakuwa mzito kusema hapana, wala si mbele ya kompyuta. Kwa hiyo jibu langu, Mhariri, aruhusiwe, na aliesaini dukani aruhusiwe vile vile, hata kama ni siku saba. Baba anisamehe, yeye aliuza kandambili, hakumkata mtu benki kila mwezi kwa miaka miwili.

Ila simu irudi nzima haina mkwaruzo na siku alizotumia alipe. Na asije mtu akasitisha malipo benki akadhani kavunja mkataba, huku deni likiandikwa kwamba hukulipa linakaa kwenye rekodi yako miaka sita, nimeona wenzetu wamekosa nyumba kwa hilo. Na kama mkataba ukirudishwa kamisheni anakatwa yule kijana, basi hapo nalegea tena, wamkate mwenye kampuni.

Mkiniuliza mimi leo, kwa kijana yule yule, ningerudisha? Ningerudisha. Ila ningempigia simu kwanza, nikiwa pale kwenye ngazi.