Uliza Fundi: Jedwali moja lililobebeshwa kila kitu

SWALI: Shikamoo Fundi. Najifunza Django, zana ya Python ya kujengea programu za wavuti, na kazi yangu ya kwanza ni programu ya kuazimisha vitabu. Nina modeli moja tu, yaani jedwali moja la data, Mkopo. Ndani yake nimeweka jina la msomaji, simu yake, jina la kitabu, mwandishi, picha ya jalada, tarehe na faini. Juzi msomaji mmoja alibadili namba ya simu. Nimeirekebisha kwenye mkopo mmoja, ile mingine 11 bado ina namba ya zamani. Halafu simu zote zimepoteza sifuri ya mwanzo. Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi wa Usiku*

JIBU: Marahaba. Ugonjwa huo naujua, nimeuugua. Modeli yangu ya kwanza ilikuwa na nyuga (safu za jedwali) simu1, simu2 na simu3, maana nilipiga hesabu kwamba hakuna mtu mwenye simu zaidi ya tatu. Wiki haikuisha akatokea mwenye nne.

Tuanze na sifuri, ndiyo nyepesi. Bila shaka uliweka `IntegerField`, uga wa namba kamili, kwa kuwa simu ni tarakimu. Lakini kitu usichokijumlisha wala kukizidisha si namba, ni maandishi yaliyovaa sura ya namba. Weka `CharField`, uga wa maandishi. Na ukiwa hapo hapo, itazame faini: kama uliandika `FloatField`, iondoe. Fungua Python uiulize 0.1 + 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Pesa huwekwa kwenye `DecimalField`.

Sasa kidonda chenyewe. Achana na kompyuta kwanza, chukua karatasi uandike sentensi moja ya kinachotokea: "Msomaji anaazima kitabu." Kila kinachotajwa humo na ambacho kipo hata kama hakuna mkopo, kinastahili modeli yake. Msomaji yupo hata asipoazima kitu. Basi simu inakaa kwa Msomaji, mara moja tu, na mikopo yote 12 inamwelekea yeye. Hili si la Django, kwa taarifa yako. Edgar Codd wa IBM alieleza mpangilio wa data kwa majedwali yanayohusiana mwaka 1970, miaka 35 kabla Django haijatolewa.

Lakini irudie sentensi yako taratibu. Anaazima *kitabu* kweli? Vikiwa vitatu vya jina moja rafuni, kilichotoka ni kimoja, kile chenye ukurasa uliochanika, na viwili vimebaki. Kilichoazimwa ni nakala. Kitabu kina jina, mwandishi na jalada. Nakala ina namba yake na hali yake. Mimi niliruka hatua hii, programu ikawa inasema kitabu kimeazimwa huku nakala mbili zinanitazama. Ukishazitenganisha, Mkopo unabaki mwembamba:

```
class Mkopo(models.Model):
    msomaji = models.ForeignKey(Msomaji, on_delete=models.PROTECT)
    nakala = models.ForeignKey(Nakala, on_delete=models.PROTECT)
    alichukua = models.DateField()
    alirudisha = models.DateField(null=True, blank=True)
    faini = models.DecimalField(max_digits=8, decimal_places=2, default=0)
```

Utaona nimeandika `PROTECT`. Tangu toleo la 2.0 Django inakulazimisha uchague `on_delete`, yaani kifanyike nini kile kinachoelekewa kikifutwa, na wanafunzi wengi huandika `CASCADE` kwa kuwa ndiyo waliyoiona kwenye mifano. Maana yake ni hii: ukimfuta msomaji, mikopo yake yote inafutika naye, ukiwemo ule wa kitabu ambacho bado kiko nyumbani kwake. `PROTECT` inakataa kumfuta hadi uamue mikopo ifanyweje. Kwa kumbukumbu za watu, mimi huanza na hiyo siku zote.

Kwenye `alirudisha`, `null` ni ruhusa kwa kanzidata kuacha pengo, `blank` ni ruhusa kwa fomu. Zote zinatakiwa, maana kitabu kilichoko nje hakina tarehe ya kurudi. Na tafadhali usiongeze uga wa "kimerudi". Tarehe inatosha kukujibu. Ukiwa na vyote viwili, ipo siku vitapingana nawe hutajua kipi kinasema kweli.

Kuhama kutoka jedwali la zamani kunataka subira. Nakili kanzidata yako yote pembeni kwanza. Kisha ongeza modeli mpya bila kugusa nyuga za zamani, na zile `ForeignKey`, viungo vya kumwelekea Msomaji na Nakala, uzipe `null=True` kwa muda. Ukisahau, `makemigrations`, amri inayoandaa mabadiliko ya majedwali, itakusimamisha na kukuomba thamani ya kujaza kwenye mistari iliyopo. Mimi niliwahi kuandika 1 kwa haraka ili iniache. Ikaniacha kweli: mikopo yote ikawa ya msomaji namba 1, mtu ambaye alikuwa ameazima mara moja tu.

Baada ya hapo andika uhamisho wa data kwa `RunPython`, upite mkopo mmoja mmoja, umtafute msomaji au umuumbe. Humo ndani chukua modeli kwa `apps.get_model`, usiziite moja kwa moja kutoka `models.py`, kwani faili hilo litabadilika na uhamisho wako wa leo utavunjika kesho. Jina lililoandikwa kwa namna mbili programu haitaliunganisha. Hapo ni macho yako na orodha. Ukisharidhika, ondoa `null` kwenye `ForeignKey` mbili zile, kisha futa nyuga za zamani.

SWALI: Fundi, nimefuta vitabu 200 vyenye picha za majalada lakini nafasi kwenye diski haijaongezeka hata kidogo. Picha ziko wapi?
*Diski Imejaa*

JIBU: Ziko pale pale ulipoziweka, ndani ya `MEDIA_ROOT`, folda ya mafaili yanayopakiwa. `ImageField` haihifadhi picha kwenye kanzidata. Inahifadhi njia ya kuifikia tu, maandishi ambayo kwa kawaida hayazidi herufi 100. Tangu toleo la 1.3 la mwaka 2011, ukifuta mstari Django haigusi faili, na ina sababu: kanzidata ikighairi ufutaji katikati, mstari unarudi, lakini faili lililokwisha kufutwa halirudi.

Kwa hiyo kusafisha ni juu yako. Andika amri ndogo inayolinganisha majina ya mafaili na yaliyomo kwenye jedwali, na mara ya kwanza iambie ichapishe orodha tu, isifute. Isome orodha hiyo mwenyewe. Tena angalia nakala zako za akiba: kama unanakili kanzidata peke yake, siku diski ikifa utabaki na njia za picha bila hata picha moja.