Betri kifuani, majina daftarini: majibu kwa wapiga picha wa michezo, milima na maisha ya watu

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu walio kazini tayari, kwa hiyo tunaingia moja kwa moja. Swali la Moshi limechukua nafasi kubwa kwa sababu kosa lake hurudiwa kila msimu wa kupanda.

Shikamooni wahariri. Nimepata kazi ya kupiga picha kikundi cha wageni wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku 7. Mwenzangu alipofika Stella Point, ukingoni mwa kreta karibu na kilele, kamera ilizima na betri zote tatu zikaonyesha hazina kitu. Nijiandae vipi? — Msomaji, Moshi

Marahaba. Betri za mwenzako hazikuwa zimekwisha, zilikuwa zimeganda. Usiku wa kwenda kileleni joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 au 20 chini ya sifuri, na upepo huongeza makali. Katika baridi hiyo kemia ya betri ya lithiamu inakuwa nzito. Umeme umo ndani, ila hautoki kwa kasi inayotakiwa na kamera. Volti zinashuka, kamera inadhani betri imeisha, inajizima.

Dawa ni joto la mwili. Betri za akiba zikae kwenye mfuko wa shati la ndani, karibu na ngozi. Mfuko wa nje wa jaketi hausaidii. Beba nne, uzibandike namba 1 hadi 4 ili usizichanganye gizani. Iliyozima usiitupe begini, iweke kwapani dakika 15 au 20, na mara nyingi itakupa picha nyingine kadhaa. Kamera yenyewe ivae chini ya jaketi la nje, uitoe pale tu unapoona picha.

Kuhusu chaji, fanya hesabu kabla ya kuondoka. Pawa benki ya mAh 20,000 ina takribani Wh (wati-saa) 74. Betri ya kamera kubwa ya kisasa ina kama Wh 16. Ukiondoa umeme unaopotea njiani, pawa benki moja inajaza betri tatu hivi. Kwa siku 7 chukua mbili. Chaji usiku, vitu vyote vikiwa ndani ya begi la kulalia pamoja nawe, kwa maana betri ya lithiamu ikichajiwa ikiwa chini ya sifuri inaharibika moja kwa moja.

Adui wa pili ni jasho la kamera. Ukiingia na kamera baridi kwenye hema lenye pumzi za watu, mvuke unaganda juu ya kioo, na mwingine unapenya ndani ya lenzi ambako kitambaa hakifiki. Funga kamera ndani ya mfuko usiopitisha hewa ukiwa bado nje, kisha ingia nayo, na uiache imefungwa saa moja hadi mbili. Tumia mfuko wa turubai laini wa kukunja mdomo, ule wa watu wa mitumbwi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na hifadhini wanakagua. Halafu usipulizie lenzi kwa mdomo ukiwa juu. Pumzi yako inakuwa barafu papo hapo.

Jua huchomoza ukiwa karibu na Stella Point (mita 5,756) au njiani kuelekea kilele cha Uhuru (mita 5,895), ikiwa kikundi kimeondoka kambi ya Barafu karibu na saa 6 usiku. Hapo theluji itaidanganya kamera. Itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na nyuso za watu zitakuwa nyeusi kama vivuli. Ongeza mwanga hatua 1 hadi 1 na nusu (kila hatua huzidisha mwanga mara mbili), piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, na usishushe spidi ya shata (pazia la kamera) chini ya 1/250 ya sekunde, kwa sababu mikono inatetemeka kwa baridi na uchovu. Usishike pumzi unapobonyeza kama ulivyozoea huku chini. Kule juu hewa ya oksijeni ni nusu hivi ya ile ya pwani, na kushika pumzi mara kumi mfululizo kutakutia kizunguzungu.

Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na hupimwa kwenye mzani getini. Usiwabebeshe wagumu, yaani wapagazi, tripodi ya chuma na lenzi tatu ambazo hutazitumia. Kamera moja na lenzi ya milimita 24-70 inatosha kwa usiku wa kilele. Tena zungumza na kiongozi wa msafara mapema, mkubaliane utatangulia wapi na utasimama wapi, maana ukisimama kila dakika mbili unavunja mwendo wa kikundi kizima na watu wanapoa. Ukianza kuyumba kama mlevi au kuchanganyikiwa maneno, mwambie kiongozi na ushuke. Mwili unaoyumba kwenye mwinuko ule ni dalili ya hatari kwenye ubongo, na hakuna mteja ambaye picha yake inastahili hilo.

Picha zangu za mechi za usiku zinatoka na rangi tofauti, hii ya manjano, inayofuata ya kijani, ilhali sijagusa kitu. Kamera ni mbovu? — Msomaji, Temeke

Kamera ni nzima, taa ndizo zinazopepesa. Umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo taa nyingi za uwanjani, hasa za aina ya zamani, zinapanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Ukipiga kwa 1/1000, unakata kipande kimoja cha kumi cha mzunguko huo. Fremu moja inaangukia kwenye kilele cha mwanga, nyingine bondeni, na rangi inabadilika nayo. Tafuta kwenye menyu sehemu ya kuzuia mpepeso na uiwashe. Kamera itasubiri kilele ndipo ifungue shata. Utapoteza kasi kidogo ya picha mfululizo, lakini zitafanana. Tumia shata ya kimakanika. Ya kielektroniki kwenye kamera za kawaida inasoma picha mstari kwa mstari, ndiyo maana unapata mikanda ya giza na mpira wenye umbo la yai.

Mipangilio ya kuanzia: 1/1000 hadi 1/1600, tundu la lenzi f/2.8, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 3200 hadi 6400. Weka kwa mkono, usiiachie kamera ijiamulie. Mwanga wa taa haubadiliki kama wa jua, ila jezi zinabadilika. Mchezaji mwenye jezi nyeupe akijaza fremu kamera itatia giza, akiingia mwenye nyeusi itachoma uso.

Kosa kubwa zaidi tunaloliona katika picha za vijana wetu halimo kwenye kamera kabisa. Goli likifungwa, wanashusha kamera kutazama skrini. Sekunde 10 zinazofuata ndizo gazeti linazozitaka: mfungaji anakimbilia wapi, kipa ameketi vipi, benchi limefanya nini. Skrini itazame mpira ukiwa umetoka.

Kutuma nako kuna hila yake. Kwenye dabi ya Kariakoo, Uwanja wa Benjamin Mkapa ukijaa watu 60,000, mtandao unakufa filimbi ya mapumziko inapolia kwa sababu kila mtu anashika simu. Chagua picha mbili tatu za kwanza ndani ya kamera, zifunge alama, na uzitume kabla ya dakika ya 40. Punguza upande mrefu uwe pikseli 2,500 hivi na JPEG iwe chini ya MB 1 na nusu. Maelezo ya picha yaandae nyumbani. Chukua orodha ya wachezaji, umpe kila mmoja kifupi chake, kwa mfano herufi ya timu na namba ya jezi, na programu ya kupanga picha itakuandikia jina kamili. Ukiwa unabuni tahajia ya jina dakika ya 88, utakosea, na picha yenye jina la mtu mwingine ni habari ya uongo hata kama ni kali namna gani.

Kwa wakimbiaji wa barabarani nitumie spidi gani? — Msomaji, Eldoret

Piga hesabu. Kelvin Kiptum alipomaliza Chicago mwaka 2023 kwa saa 2:00:35, alikuwa akienda wastani wa mita 5.8 kwa sekunde. Ndani ya 1/250 ya sekunde mwili wake ulisogea zaidi ya sentimita 2. Ndani ya 1/1000, kama milimita 6. Mguu unaorushwa mbele unakwenda kasi kuliko kiwiliwili, ndiyo maana uso unatoka safi na kiatu kimefifia. Anza na 1/1600. Ukitaka mandhari yavutike nyuma ya mkimbiaji, shuka hadi 1/40, simama ubavuni mwa barabara, na uzungushe kiuno pamoja naye, uendelee kuzunguka hata baada ya kubonyeza. Kati ya picha 30 utapata 2 au 3, na hiyo ni kawaida.

Safari Rally kule Naivasha vumbi limeniachia madoa kwenye kila picha. Nilifuta lenzi mara nyingi. — Msomaji, Nakuru

Madoa hayako kwenye lenzi, yako kwenye sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea picha, na pengine kufuta kumekuongezea mikwaruzo. Vumbi lile laini la fesh-fesh ni la volkano, linapenya kama unga wa ngano. Usibadilishe lenzi ukiwa njiani. Beba kamera mbili, kila moja na lenzi yake. Lenzi ipulizie kwanza kwa pampu ya mkono, ndipo uguse kwa kitambaa.

Kuna sababu nyingine madoa yako yanaonekana sana. Ili kuifuata gari kwa 1/100 saa 6 mchana kwa ISO 100, unalazimika kufunga tundu hadi f/16, na tundu dogo hivyo linachora kila chembe iliyo juu ya sensa. Vaa filta ya kupunguza mwanga ya hatua 3. Utarudi f/5.6, na chembe nyingi hazitaonekana.

Kuhusu mahali pa kusimama hatuna mjadala. Kaa ndani ya kona au juu ya kingo, usikae nje ya kona wala chini ya usawa wa barabara. Usigeuzie njia mgongo hata kama unadhani gari la mwisho limepita.

Nataka kufuatilia akina mama wa mwani Paje kwa mwaka mzima. Niende saa ngapi, na nawaombaje ruhusa? — Msomaji, Unguja

Saa inapangwa na mwezi. Kazi ya shambani hufanyika wakati wa bamvu, siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokupwa mbali. Kwa Unguja, kupwa kwa bamvu huangukia karibu na saa 4 asubuhi, na kila siku inayofuata husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi mbali, hayatakupa kitu, ingawa ni wakati mzuri wa kupiga kazi za nyumbani: kuanika, kufunga mbegu kwenye kamba, kupima kilo. Mwanga wa saa 4 ni mkali na mchanga mweupe unaurudisha usoni, jambo ambalo ni neema, kwa sababu kivuli cha ushungi hakitakuwa cheusi. Ondoka ufukweni kuelekea shambani saa 2, maji yakiwa bado yanakupwa.

Chumvi futa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya kunywa, kisha kikavu, kila siku, hata kama hakuna tone uliloliona.

Ruhusa huanza kwa sheha, kiongozi wa eneo, na haiishi kwake. Siku ya kwanza nenda bila kamera. Salimia, kaa, sikiliza. Kisha eleza bila kuficha picha zitakwenda wapi, kwa sababu gazeti, maonyesho na bango la tangazo ni vitu vitatu, na mama aliyekubali la kwanza hajakubali la tatu. Rekodi kauli yake kwenye simu kwa maneno yake mwenyewe. Kwa mtoto, mzazi ndiye anayesema. Akibadili nia kesho, futa, hata kama ni picha bora ya mwaka. Usimlipe ili afanye kitu mbele ya kamera, maana hapo unakuwa umetengeneza tukio. Ukimchukulia saa zake za kazi kwa mahojiano, zifidie, useme wazi kwamba ni fidia. Na kila ukirudi, rudi na picha zilizochapwa, sentimita 10 kwa 15, za waliomo.

Picha za michezo peke yake zinalisha familia? — Msomaji, Nairobi

Kwa wachache sana. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963 na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ziliishtua dunia mwaka 1984, alifanya habari, filamu na vitabu kwa pamoja. Changanya nawe.

Ila jua bei yako. Tuseme vifaa ni milioni 1.2 za Kenya na vitadumu miaka 4. Hiyo ni laki 3 kwa mwaka. Ukipata siku 75 za kulipwa, kila siku inadaiwa shilingi 4,000 za kuchakaa tu, kabla ya nauli, bando, na siku nzima ya kuhariri inayofuata kila siku ya kupiga. Chukua nusu ya malipo kabla ya kuondoka nyumbani.

Na soma mkataba. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi uliyoagizwa kufanya huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Andika sentensi moja kabla ya kazi: hakimiliki inabaki kwa mpiga picha, mteja anaruhusiwa kutumia kwa jambo hili, kwa muda huu, katika nchi hizi. Pande zote mbili zitie sahihi.

Kadi imegoma kufunguka na ndani kuna harusi na mechi. Niiformati? — Msomaji, Tanga

Usiformati, na usipige picha nyingine hata moja juu yake. Itoe, ifunge kitufe cha kuzuia kuandika kama inacho, jaribu kisomaji kingine na kompyuta nyingine kwanza, kwani mara nyingi kibovu ni kisomaji. Ikishindikana, tumia programu ya kuokoa mafaili na uhifadhi kinachopatikana kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi hiyohiyo. Kisha kadi hiyo istaafishwe, hata ikionekana imepona.