Weusi Si Mboji: Kwa Mnaoanza Kushika Kitabu cha Munsell

Wadogo zangu wa mafunzo ya nyanjani, mnaolinganisha udongo na vibao vya rangi vya Munsell, mna macho mazuri na haraka mbaya. Kila msimu shimo linachimbwa upande wa Ahero, tambarare za Kano karibu na Kisumu, udongo unatoka mweusi tii, na kabla sururu haijawekwa chini fomu tatu zimeshajazwa: "mboji nyingi sana." Miandiko mitatu, kosa moja. Basi tuongee.

1. Rangi isomwe udongo ukiwa na unyevu, kisha isomwe tena ukiwa mkavu, na kila namba iandikwe mahali pake. Vunja bonge kwa mkono. Ukilikata kwa kisu unaupaka uso wake. Pulizia maji kidogo kidogo mpaka rangi ikome kubadilika, subiri mng'aro wa maji upotee, ndipo ufungue kitabu. Jua liwe mgongoni, miwani ya jua iwe mfukoni. Alasiri mawingu ya ziwani yakishatanda utasoma kroma (ukolezi wa rangi) unayoitamani. Namba isiyosema kama udongo ulikuwa mkavu au mbichi, ifute tu, maana valiu (mwangaza wa rangi) hushuka hata hatua mbili kwa maji peke yake.

2. Sasa huo udongo mweusi wa Kano. Hapa siwezi kuwanyooshea kidole, kwa sababu sisi tuliotangulia tumelifanya kosa hili kwa ukamilifu kuwashinda: tumelichora hadi kwenye ramani. Unasoma 10YR 2/1, yaani jamii ya rangi 10YR, valiu 2, kroma 1: nyeusi. Unashuka na futi, sentimita 20, 40, 80, weusi ni uleule. Unaandika tabaka A (la juu) nene, mboji nyingi, unapiga picha ukitabasamu. Kisha majibu ya maabara yanakuja: kaboni asilimia moja na kidogo. Jibu letu la kwanza siku zote lilikuwa "maabara wamekosea." Sampuli zinarudishwa, pesa zinalipwa upya, na namba inarudi ileile.

Wa kulaumiwa ni smektaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi unaovimba. Mfinyanzi huo hushikana na mboji kidogo sana, na hicho kidogo kinautia giza udongo wote, kama masizi machache yanavyochafua sufuria nzima. Halafu kuna nyufa. Januari na Februari ardhi inapasuka, udongo wa juu unaporomoka ndani. Mvua ikija mfinyanzi unavimba, unasukumana, na kilichoangukia chini kinabaki hukohuko. Ndiyo maana weusi unashuka bila mpaka. Sisi tuliuhesabu huo urefu wote kuwa utajiri. Zidisha sentimita 80 kwa "mboji nyingi" na umeshatengeneza akiba ya kaboni isiyokuwepo, na pengine umemwambia mkulima shamba lake linaweza kukaa bila samadi.

Dalili zilikuwepo shimoni muda wote. Nyuso za mabonge zinazong'aa na kuwa na mikwaruzo, kana kwamba mtu amezisugua. Mabonge yenye umbo la kabari, yamelala mshazari. Utepe wa udongo unaorefuka kati ya kidole gumba na cha shahada bila kukatika. Na likikauka, bonge gumu la kutoboa kiatu, ilhali udongo wenye mboji ya kweli husagika kuwa chembe kama makombo ya mkate. Ukiziona hizo, andika Vertisoli, yaani udongo wa mfinyanzi unaovimba na kupasuka, na mahali pa mboji andika "kusubiri maabara." Hakuna atakayekucheka. Ile jedwali ya kukadiria mboji kwa rangi mnayoiamini kama msahafu, mwongozo wenyewe wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa 2006 unatahadharisha kwamba huzidisha mboji katika nchi kavu na kuipunguza katika baadhi ya udongo wa tropiki.

Na jamani, "moliki", lile jina la kitaalamu la tabaka la juu lenye giza, si jina lingine la "mboji nyingi." Moliki inadai kaboni asilimia 0.6 tu, mengine ni rangi, unene, muundo, na ujazo wa besi (kalsiamu na wenzake) kuanzia asilimia 50. Besi zikiwa chini ya hapo ni umbriki, na hilo jicho haliwezi kukwambia.

3. Kakamega mambo yanageuka. Chini ya msitu unasoma 5YR 3/3, jekundu jekundu hivi, mnaandika "mboji wastani" na kufunga daftari. Hemataiti, madini ya chuma yenye wekundu, inaificha mboji. Linganisha tabaka A na lile la chini yake, B, kutoka shimo hilohilo, usilinganishe na Ahero; angalia mizizi midogo, chembe, na uzito wa bonge mkononi.

4. Njoro na kuelekea Mau, majivu ya volkano: bonge jepesi kuliko linavyoonekana, na ukilikamua kati ya vidole linateleza ghafla kama limetoa maji. Weka udongo kidogo juu ya karatasi iliyolowa fenolfthalini (kemikali ya kubadilika rangi) na kukaushwa, dondoshea sodiamu floraidi. Wekundu wa haraka unaashiria alofeni, madini ya majivu ya volkano. Jaribu kwanza tindikali ya haidrokloriki ya asilimia 10, kwa sababu udongo wenye chokaa nao hudanganya hapo.

5. Haidrojeni peroksaidi, dawa mnayodondoshea udongo kutafuta mboji, ikitoa povu la papo hapo kwa kishindo, shuku manganizi kabla hujashangilia mboji.

6. Yala kwenye mafunjo, kamua kwa ngumi: maji safi, bado ni majani, matope yakipenya kati ya vidole, yameoza.

7. Lebo kwa penseli, moja ndani ya mfuko na moja nje. Wino na udongo mbichi havijawahi kuelewana.

8. Mahali pa kuchimba. Shimo moja la auga, ile keekee ya udongo, si shamba. Kwa sampuli ya mchanganyiko chukua vituo 15 hadi 20, sentimita 0 hadi 20, mbali na kichuguu, njia ya ng'ombe na kivuli cha mti. Lakini kuna doa ambalo GPS haitakuonyesha. Uko Siaya, mahindi ya kona moja yamekuwa ya kijani kibichi kuliko mengine, udongo mweusi, chembe safi, makombo ya mkate kama nilivyosema. Unafurahi: hatimaye mboji! Tazama pembeni kama kuna mstari wa minyaa iliyozeeka, vigae vya vyungu, jiwe la kusagia. Kisha muulize mwenye shamba, na muulize kabla ya kuchimba:

"Shikamoo mama. Hapa kabla ya mahindi palikuwa na nini?"

"Hapo? Hapo ni gunda ya baba mkwe wangu. Zizi lilikuwa hapohapo uliposimama."

Gunda ni boma la zamani lililohamwa, na weusi huo ni samadi ya zizi. Sogea mita 50, chimba huko. Na kama ulishachimba kabla ya kuuliza, shimo hilo la kwanza lifukie, na ukanyage vizuri, ng'ombe wasivunjike miguu.