Vidole vya mkono wa upinde wa fidla: maswali yenu

Kidole changu cha mwisho hunyooka na kukakamaa kila ninapopigia karibu na kitako cha upinde, yaani mwisho unaoshikwa. Nifanyeje?

Hapo ncha ya upinde huwa mbali na inataka kuanguka, na kidole hicho ndicho kinachoizuia. Kikishanyooka hakina tena nafasi ya kucheza, basi kinajifunga na mkono mzima unakakamaa. Kikunje kidogo, ncha ya kidole ikae juu ya ufito (mti wa upinde), si ubavuni. Kisha laza upinde hewani, ncha ya upinde ukiishikilia kwa mkono wa kushoto, ugonge ufito kwa kidole hicho mara 10. Siku chache baadaye, achia mkono wa kushoto. Kikichoka haraka, shika upinde sentimita 5 hivi mbele ya kitako ili ncha iwe nyepesi.

Lakini kwanza kagua kidole gumba. Kikibonyea kwa ndani, cha mwisho hakilegei hata ukikibembeleza. Kifundo cha gumba kitokeze nje.

Mazoezi ya kushika penseli badala ya upinde yanatosha?

Kwa kujifunza umbo la mkono, ndiyo. Penseli ni gramu chache tu, upinde ni kama 60, kwa hiyo usikawie huko. Acha kiganja kitazame chini, penseli ikining'inia kwenye vidole. Vikunje mpaka ikaribie kiganja, vinyooshe ishuke sentimita 2 au 3, kifundo cha mkono kikiwa kimetulia. Ukiweza mara 10 bila kuidondosha, shika upinde.

Ninapogeuza mwelekeo wa upinde kwenye kitako nasikia mkwaruzo.

Mkono unageuka na vidole vinageuka papo hapo, kama ubao. Inafaa vichelewe kidogo, vimeze mshtuko. Weka singa (nywele za upinde) kwenye uzi wa D wa fidla, karibu na kitako. Sogeza upinde sentimita 3 kwenda na kurudi kwa vidole peke yake, metronomu (kifaa cha kupima mapigo) ikiwa mapigo 60 kwa dakika, mwendo mmoja kwa kila pigo. Sauti itakuwa mbaya mwanzoni; iache. Kosa la kawaida ni bega kuifanya kazi hiyo kwa siri, kwa hiyo egemeza kiwiko ukutani. Dakika 3 kwa siku zinatosha. Ukirudi kwenye miendo mirefu, punguza kasi kidogo kabla ya kugeuka na usivifikirie vidole.

Upinde unarukaruka, nami naubana.

Huenda umekaza skrubu inayovuta singa kupita kiasi. Katikati ya upinde, nafasi kati ya ufito na singa iwe kama unene wa penseli.

Gumba linauma kwenye shina.

Acha kupiga kwa siku hiyo. Ukirudi, legeza mshiko kila baada ya miendo 4. Fidla yenyewe inaubeba upinde ukiwa juu ya nyuzi.