Kabla Hujakwangua: Namna ya Kuchagua Kadi ya Simu Isiyokula Dakika Zako

Bango la kadi za simu, zile za kukwangua za kupigia nje ya nchi, huandika dakika kwa tarakimu kubwa zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Ada zimejibana nyuma ya kadi, kwa herufi ambazo hata mwenye miwani hupata taabu kuzisoma. Anayelinganisha mabango tu mara nyingi huondoka na kadi itakayompa dakika chache kuliko zote zilizokuwa pale. Kadi hupimwa kwa namna wewe mwenyewe unavyopiga simu: unampigia nani, yuko kwenye simu ya mezani au ya mkononi, mnaongea kwa muda gani na mara ngapi kwa wiki.

Inafaa kwanza kujua unanunua nini hasa. Kadi za mwanzo, zilizoanza kutumika Italia mwaka 1976, zilikuwa za sumaku na thamani ilikaa ndani ya kadi yenyewe. Uliichomeka kwenye simu ya umma, ikapungua kadiri ulivyoongea. Kadi ya kukwangua haina kitu ndani yake. Ni namba ya siri tu. Fedha yako iko kwenye kompyuta ya kampuni, na kampuni ndiyo inayokata na ndiyo inayokutajia salio. Umenunua ahadi. Kwa hiyo kadi isiyotaja jina la kampuni, au isiyo na namba ya huduma kwa wateja, iache palepale hata kama inauzwa kwa nusu ya bei ya nyingine.

Sasa makato. Kubwa zaidi huwa ada ya kuunganishwa, ambayo hukatwa kila simu inapopokelewa, bila kujali mmeongea kiasi gani. Mtoto akipokea akakata, umelipa. Mashine ya kurekodi ujumbe ikijibu, umelipa vilevile, kwa sababu kwa mtambo hiyo ni simu iliyopokelewa. Halafu kuna ada ya kutunza kadi, inayokatwa kila siku au kila wiki tangu siku ya kwanza kuitumia, hata ukiiacha kadi imelala kwenye droo. Kadi nyingine hukata ada baada ya simu kwisha, na hiyo hutaigundua mpaka upige tena na kusikia salio limepungua kuliko ulivyotarajia. Ukipiga kutoka kwenye simu ya umma, mara nyingi huongezwa ada yake peke yake.

La mwisho ni hatua ya kuhesabu muda, nalo ndilo wengi hawaliulizi. Baadhi ya kadi huhesabu dakika moja moja, nyingine tatu tatu. Kwenye kadi ya tatu tatu, ukiongea dakika 3 na sekunde 5 umelipia dakika 6.

Tuchukue kadi mbili, kila moja ina salio la 1,000. Kadi ya kwanza inatoza 10 kwa dakika, ada ya kuunganishwa ni 60, inahesabu tatu tatu, na bango lake linasema dakika 100. Kadi ya pili inatoza 20 kwa dakika, haina ada yoyote, inahesabu moja moja, na bango linasema dakika 50. Mtu wa kujulia hali, anayeongea dakika 4 kisha anaaga, atakatwa 120 kila simu kwenye kadi ya kwanza: 60 za kuunganishwa, na 60 za dakika 6 alizohesabiwa. Simu nane zinamaliza 960. Salio la 40 linalobaki halitoshi hata kuunganishwa na kulipia hatua moja. Amepata dakika 32. Kwenye kadi ya pili, iliyoonekana ghali maradufu, simu hiyohiyo inakata 80, na anaongea dakika zote 50.

Mambo hugeuka kwa anayeongea mfululizo. Simu moja ndefu kwenye kadi ya kwanza inampa dakika 93, na kwenye ya pili zilezile 50. Lakini iwekee ile kadi ya kwanza ada ya 70 kila wiki, na mwenyewe awe anapiga simu ya dakika 4 mara moja kwa wiki. Baada ya simu tano kadi imekwisha. Dakika 20, kwa fedha ileile iliyotangaziwa 100.

Kwa hiyo mpiga simu fupi fupi atafute kadi isiyo na ada ya kuunganishwa, na bei ya dakika isimtishe. Anayekaa na kadi mwezi mzima aikimbie ada ya kutunza kuliko kitu kingine chochote. Anayemaliza kadi kwa mazungumzo mawili marefu anaweza kuchukua ile ya bango kubwa, mradi aimalize upesi.

Angalia pia namba ya kuingilia, yaani ile unayoipiga kabla ya kuweka namba ya siri. Kadi nyingi huwa nazo mbili. Moja ni namba ya kawaida ya eneo, nyingine ni namba isiyomtoza anayepiga. Hiyo ya pili jina lake linavutia, lakini gharama yake huwa imehamishiwa kwenye kadi, na dakika inakuwa ghali zaidi. Ukiipiga ile ya kawaida, mtandao wako wa simu nao unaweza kukukata kama simu nyingine yoyote. Hapo unalipa mara mbili: salio la kadi na salio la laini. Mwenye kifurushi cha dakika za ndani afadhali atumie namba ya kawaida. Asiye nacho apige hesabu kwanza.

Halafu unakopiga. Bei iliyo kwenye bango kwa kawaida ni ya simu ya mezani, pengine ya mji mkuu tu. Simu ya mkononi katika nchi ileile inaweza kugharimu mara kadhaa zaidi, kwa sababu mtandao unaopokea simu hutoza wenzake kiasi kikubwa zaidi kuifikisha. Ukimuuliza muuzaji, usiseme jina la nchi peke yake. Mtajie na aina ya simu.

Njia ya uhakika ni kuipima kadi yenyewe. Nunua ya thamani ndogo kuliko zote. Kabla hujakwangua, piga huduma kwa wateja uone kama kuna anayepokea, kisha uliza mambo manne: ada ya kuunganishwa, ada ya kutunza, hatua ya kuhesabu, na siku za kuisha kwa kadi tangu itumike mara ya kwanza. Baada ya hapo kwangua, ingia, sikiliza salio na uliandike. Ile sauti inayokuambia "una dakika 100" isikuleweshe. Mara nyingi imegawa tu salio kwa bei ya dakika, bila kutoa ada. Unachotaka ni salio la fedha.

Piga simu ya kwanza, uihesabu kwa saa tangu ipokelewe, na uikate ikifika dakika 4 na sekunde 10. Angalia salio. Piga ya pili, ikate kwenye dakika 10 na sekunde 10, angalia tena. Tofauti ya makato ya simu hizo mbili ni bei ya dakika 6 kamili, iwe kadi inahesabu moja moja au tatu tatu, kwa kuwa ada ya kuunganishwa imejifuta yenyewe. Kama ya kwanza ilikata 120 na ya pili 180, basi 60 gawa kwa 6, dakika ni 10 kama ilivyotangazwa. Ikitoka 14, bango limedanganya. Kisha iache kadi wiki nzima bila kuigusa na usikilize salio tena. Likipungua, umeijua ada ya kutunza.

Huku si kuwa na mashaka ya bure. Mwaka 2008 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwashtaki wasambazaji wa kadi hizi baada ya vipimo vyake kuonyesha kwamba kadi zao zilikuwa zinatoa kiasi cha nusu tu ya dakika zilizotangazwa. Waliokuwa wakiumia zaidi ni wahamiaji wanaopigia nyumbani, watu wanaohesabu kila senti. Kuwapunguzia dakika hao ni wizi.

Dukani, hakikisha utando unaofunika namba ya siri haujakwaruzwa wala kubandikwa upya. Baadhi ya kadi huwa hazifanyi kazi mpaka zipitishwe kwenye mashine ya malipo, kwa hiyo usiondoke bila risiti. Kwangua polepole kwa ukingo wa sarafu. Kisu hufuta tarakimu, na 3 iliyokwaruzwa haitofautiani na 8. Ipige picha kadi pande zote mbili, maana huduma kwa wateja watakuuliza namba ya mfululizo iliyochapwa nje ya utando, na bila hiyo hawana pa kukusaidia. Namba ya siri usimsomee mtu yeyote anayekupigia, awe amejitambulisha kwa cheo gani. Ikishasikika, salio si lako tena.

Kadi ikikukata isivyo halali, andika tarehe, saa uliyoanza, dakika ulizoongea, na salio la kabla na la baada, kwa simu mbili au tatu mfululizo. Peleka kwa kampuni kwanza. Wakikuzungusha, peleka karatasi hiyohiyo, pamoja na risiti na picha ya bango, kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano au ofisi ya kumlinda mlaji. Malalamiko ya "dakika zangu zimeliwa" peke yake hayaendi mbali, lakini karatasi yenye saa na salio huwalazimu kujibu kwa hesabu.