Majibu ya HPV yasiivunje nyumba

Ukipima HPV, kirusi cha kujamiiana kinachoweza kuleta saratani ya shingo ya kizazi, ukaambiwa unayo, swali la mwanzo nyumbani litakuwa nani kakuambukiza. Mimi niliulizwa. Naandika haya kwa sababu naogopa ndoa kuvunjika kwa karatasi ambayo haisemi kabisa kile watu wanachodhani inakisema.

Kirusi hiki ni cha kawaida mno. Wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani, wake kwa waume, na hawajui, maana hakiumi wala hakiwashi. Mara nyingi mwili wenyewe hukiondoa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Lakini kinaweza pia kujificha miaka na miaka, kisha kikaonekana kwenye kipimo. Kwa hiyo hakuna daktari anayeweza kukwambia kimeingia lini au kimetoka kwa nani. Kwetu visiwani Zanzibar, ambako si ajabu mtu kuwa kwenye ndoa ya pili au mume kuwa na wake wawili, kumsaka mwenye kosa ni kujitafutia talaka bure. Daktari wangu alimwita mume wangu ndani akamweleza haya mbele yangu. Nanyi ingieni wawili. Neno la daktari siku ile lina uzito ambao la mke halina.

Mume wangu akasema, basi na mimi nipimwe. Akajibiwa kuwa hakuna kipimo kilichoidhinishwa cha kutafuta HPV kwa mwanamme asiye na dalili. Si kwamba wanaume kirusi hakiwagusi: wanaambukizwa, wanaambukiza, na kinaweza kuwaletea saratani ya uume, ya njia ya haja kubwa na ya koo. Tohara inapunguza hatari, haiiondoi. Mwanamme akiona masundosundo, uvimbe au kidonda kisichopona sehemu za siri, aende hospitali, si kwa muuza dawa za kupaka. Masundosundo yenyewe kwa kawaida huletwa na aina ya 6 na 11 za kirusi hiki, ambazo aghalabu hazileti saratani. Aina ya 16 na 18 ndizo zinazosababisha kama asilimia 70 ya saratani ya shingo ya kizazi.

Na kuwa na kirusi si kuwa na saratani. Kisipoondoka, huchukua kama miaka 15 hadi 20 mpaka saratani itokee; kwa mwenye VVU asiyetibiwa, 5 hadi 10. Muda huo ndio nafasi yetu. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza kupima ukiwa na miaka 30, na 25 kwa wenye VVU.

Baada ya majibu niliangaliwa shingo ya kizazi kwa siki. Wengi wanakiogopa kipimo hiki, basi nieleze. Unalala chali, magoti umeyakunja. Mkunga anaingiza kifaa cha kupanua njia, anapaka siki nyepesi kwa pamba kwenye shingo ya kizazi, anasubiri kama dakika moja. Panapogeuka peupe ndipo penye mashaka, na hutibiwa kwa kugandishwa au kuunguzwa kabla hapajawa saratani. Mimi nilihisi ubaridi na kuchoma kidogo tu, na jibu niliondoka nalo. Nilitaka mhudumu mwanamke, nikapewa. Ombeni, si aibu. Usiende ukiwa kwenye hedhi. Ikiwa hedhi imeshakatika, mwambie mhudumu, kwa sababu siki haionyeshi vizuri kwa umri huo. Lakini damu ikitoka baada ya tendo la ndoa, au ikirudi baada ya hedhi kukatika, usingoje zamu ya kupima. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

Binti yangu amechanjwa HPV skuli. Chanjo ilianza kutolewa Tanzania nzima 2018, na 2024 ikawa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Maneno kuwa inafunga kizazi nimeyasikia mpaka Wete, Pemba, arusini, na si kweli. Haitibu kirusi kilichokwisha ingia, ndiyo maana hutolewa mapema. Wala haizuii aina zote, kwa hiyo naye, inshallah, akifika 30 atakwenda kupima.