Vipuri vya shaba kwenye gita la umeme: sauti inabadilika kweli?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Napiga solo kwenye bendi ya dansi, gita langu ni la aina ya Stratocaster. Muuzaji wa vipuri ananishauri nitoe vile vipande sita vya chuma vinavyobeba nyuzi kwenye briji niweke vya shaba ya manjano, na nati ya plastiki (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa cha gita) niweke ya mfupa, eti sauti itakuwa tamu zaidi. Mwenzangu wa ridhimu alibadilisha, anaapa ameona tofauti. Ninunue?

JIBU: Ndugu yangu, mwenzako hasemi uongo. Sauti ya gita lake imebadilika. Ila shaba siyo ninayoishuku kwanza. Huwezi kubadilisha vipande hivyo bila kulegeza au kutoa nyuzi, na wengi wakishazitoa hufunga mpya. Baada ya hapo hupanga upya kimo cha nyuzi juu ya freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Mambo hayo mawili yanasikika wazi hata kama briji haikuguswa.

Pikapu siyo maikrofoni. Ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko; uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme kidogo huzaliwa kwenye ule waya. Kwa hiyo kipuri cha chuma hakina njia ya kuifikia sauti yako ila kwa kubadilisha mtikisiko wa uzi. Vipande vya briji hugusa uzi muda wote, hivyo sitasema havina athari kabisa. Ni ndogo, na ngoma na besi vikiingia hutaisikia. Nati ndiyo kabisa: ukishabana uzi kwenye freti, unaotikisika ni ule urefu wa kati ya freti na briji. Sebene unalipiga juu shingoni. Mfupa utausaidia wapi? Nati nzuri inafaa kwa jambo lingine, uzi kuteleza bila kukwama ili gita lisipoteze tyuni.

Kabla ya kutoa hela, shika bisibisi upandishe au ushushe pikapu kidogo kidogo huku ukisikiliza. Usiisogeze mno upande wa nyuzi nene, sumaku itazivuta na noti zitayumba. Kisha jaribu kebo fupi: kila mita huongeza takriban pikofaradi 100 za kapasitansi (uwezo wa kebo kuhifadhi umeme), ndiyo maana kebo ndefu hula sauti za juu. Angalia pia potenshometa, yaani vile vifaa vilivyo chini ya vitufe vya kuzungusha vya sauti na toni. Pikapu za koili moja kama zako kwa kawaida huwekewa za kiloomu 250, na za 500 hutoa sauti kali zaidi.

Ukitaka kuhakikisha kuhusu shaba, funga nyuzi mpya kwenye vipande vya zamani, pima kimo, rekodi moja kwa moja kwenye kompyuta. Badilisha vipande, funga seti nyingine mpya ya aina na unene uleule, rudisha kimo kilekile, rekodi tena. Mtu mwingine akuchezee rekodi hizo bila kukuambia ipi ni ipi, mara nyingi, kwa sauti sawa.

Vipande vya sasa vikiwa na kutu, skrubu zimelegea, au uzi unakatikia palepale kila mara, badilisha bila kusita, viwe vya chuma au vya shaba.